Mama Mouna na Matoleo Mapya

Mama Mouna alijivunia mambo mawili: paneli ya jua juu ya paa, na adabu. Paneli haikuwahi kumletea shida.

Kwa ajili ya paneli hiyo, Djafari, mtoto wa marehemu kaka yake, alihamishia kompyuta yake sebuleni kwa shangazi. Vita ilikuwa imewasukuma watu wa Baraka na Fizi mpaka ziwani, na boti ziliwatupa popote: wengine hapa Kalemie, wengine Mpala, wengine hata Moba. Djafari alikuwa anatengeneza aplikasyo ya simu ya kuandika majina ya wanaoshuka, ili muntu anayetafuta ndugu asizunguke fukwe zote kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Hakuna aliyeisubiri kuliko Mama Mouna. Dada yake Fatouma alipanda boti Baraka, na tangu hapo simu yake kimya.

Ijumaa, kazi ikiwa karibu kwisha, Djafari akaenda kuswali. "Shangazi, uniangalilie mashine."

Basi Mama Mouna akaiangalia. Akavuta kiti, akakaa mbele yake kama anayemlinda mgonjwa. Mara kijidirisha kikachomoza: kuna matoleo mapya, unayataka? Kifaransa chake kiliishia darasa la sita, lakini kilitosha kumjulisha kwamba anapewa kitu kipya, tena bure. Akajifanya hakuona. Kijidirisha kikarudi. Sasa, kwao walilelewa hivi, wajukuu wa wafanyabiashara wa ziwani: anayekupa kitu ukimkatalia mara ya pili, umemtukana na mama yake. Akabonyeza ndiyo. Akasema na asante. Mistari ikakimbia juu ya kioo, mashine ikanguruma kwa furaha, kisha ikauliza tena: niondoe ya zamani yasiyotumika? Mwanamke gani anakataa kufagiliwa nyumba?

Djafari aliporudi, akaijaribu aplikasyo kwenye simu yake kuukuu, ndugu ya zile walizokuwa nazo wajitolea wa kuandika majina kule Mpala. Simu ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa.

"Shangazi, nani amegusa?"

"Kugusa? Mimi nilipokea tu."

Djafari akashika kichwa. "Aplikasyo ni chungu cha watu wengi. Mimi napika, lakini unga ni wa huyu, mafuta ni ya yule. Kuna faili linaloiambia mashine: chukua kipande hiki, toleo hili. Nilichagua ya zamani makusudi, maana simu za Mpala ni za zamani. Haya mapya yako hayataki hata kuzisalimia."

"Si uyarudishe yale ya kwanza?"

"Umeyafagia! Na kuyashusha upya, kwa mega gani za intaneti? Wageni wako wamezinywa zote. Halafu antena ya kilimani haina mazutu ya jenereta. Resoo ya sasa, mtandao wenyewe, inabeba majina tu, haibebi magunia."

Mama Mouna akakitazama kidole chake. Kama Fatouma ameshukia Mpala, nani atajua? Vita na mawimbi vilikuwa vimeshindwa kumpoteza dada mtu. Mdogo wake akaweza, kwa kidole kimoja, na kwa heshima zote.

"Kuna Camille," Djafari akasema. "Tulianza naye kazi hii. Mashine yake haijakubali kitu kipya tangu siku aliyoinunua, anaogopa mega zake. Lakini ulimfukuza hapa."

Ni kweli. Alimfukuza yeye na mashine yake, akisema ina ukungu, imekaa kama kabati ya marehemu. Mama Mouna akajifunga kitenge, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka bandarini, kwenye meza ambapo Camille alitengeneza simu.

"Papa Camille, habari ya kazi?"

Camille akageuka kutazama nyuma yake. "Unamuita nani, Mama?"

"Ni wewe, Papa."

"Ee! Juzi nilikuwa kabati ya marehemu."

"Njo maana nimekuja. Kuna nguo za zamani ndani, tunazihitaji."

Wauza ndakala wa jirani wakaacha kupanga samaki ili wasikilize vizuri. Camille akakunja mikono. "Sema kwanza: mashine ya Camille ni nzuri."

"Ni nzuri."

"Na ukungu?"

"Ukungu wake njo dawa, baba. Fatouma yuko majini. Nisamehe ukitembea."

Camille akaacha kucheka, akaitia mashine kwapani.

Sebuleni walinakili vipande vya zamani kwenye flashi, Djafari akaandika upya namba ya kila toleo ndani ya faili, akafuta pale alipokuwa ameruhusu jipya zaidi. Mama Mouna aliombwa akae jikoni. Akakaa. Simu kuukuu ikafunguka, na Évariste, mwenye mtumbwi wa mota, akaondoka na aplikasyo ndani ya simu yake kuwapelekea wajitolea wa Mpala.

Kesho yake majina yakaanza kuingia kutoka Mpala, moja moja, kama mbuzi wanaogomea mlango. Djafari alikuwa anasoma kwa sauti. "Fatouma Amisi, wa Baraka, miaka arobaini na minane. Pole, Shangazi. Si yeye. Shangazi Fatouma amepita sabini."

"Njo yeye!" Mama Mouna akapiga makofi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Nani mwingine anaweza kukimbia risasi, na njiani akapunguza miaka?"

"Basi niisahihishe."

"Thubutu! Na mimi uniandike arobaini na tano. Mimi njo mdogo."

Akainuka kutafuta viatu vya safari ya Mpala, na magoti yake ya miaka arobaini na tano yakalia kama mlango wa ghala.