Mvua ya Bomani

Kitu cha kwanza alichokiona Loisi asubuhi ile kilikuwa mistari ya ufagio wake. Ilikuwa bado imelala vumbini kuzunguka mti wa kipima mvua, vilevile alivyoiacha jana jioni. Tone hata moja halikuwa limeitoboa, ila nyayo za mpita njia upande mmoja tu. Halafu akachungulia ndani ya kopo la bati lililokaa juu ya mti ule, akakuta maji.

Akayamimina kwenye kioo chembamba chenye alama, akakiinua usawa wa macho, akasoma.

"Ngapi?" aliuliza Karani Yahaya kutoka barazani, kichwa kimeinamia daftari.

"Nne," alisema Loisi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Kalamu ikaanguka. "Nne? Milimita nne za mvua?"

Loisi aliitazama tena mistari yake. Alikuwa na neno la kusema, lakini lilipofika kooni Yahaya alikwisha ingia ndani kutafuta wino mwekundu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na Dodoma ilikuwa haijaonja tone tangu mwezi wa nne. Jua lilikuwa likichomoza na hasira zake, upepo wa mashariki ukiamka saa nne kutupia watu vumbi machoni, na mawingu yakijipanga juu ya vilima vya Mkonze kila alasiri kama wageni wanaobisha hodi kisha wakageuza njia. Mji wenyewe ulikuwa mdogo: boma lenye bendera ya Mjerumani, stesheni ya reli iliyofika mwaka uliotangulia, maduka machache, soko, na nyumba za tembe zilizoinama kukwepa joto.

Yahaya alikuwa mtu wa Kondoa, amesoma shule ya serikali huko Tanga, mwandiko wake mzuri hata ukitazama bila kusoma unapendeza. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupima joto na mvua kila asubuhi. Lakini mwezi wa tano nge aliyekuwa amelala chini ya jiwe, pale pale penye kipima mvua, alimchoma kidole cha mguu, na tangu siku ile Yahaya hakupasogelea tena. Alimwita Loisi, mfagiaji wa uwanja, akamwonyesha alama za kile kioo, akakuta msichana anazijua namba kuliko alivyodhani. Loisi alikuwa amesoma miaka miwili katika shule ya misheni kule Mpwapwa, kabla baba yake hajafariki na yeye kurudishwa kwa bibi yake. Kusoma barua ndefu kulimshinda. Namba hazikumshinda hata siku moja.

"Lakini usimwambie mtu," Yahaya alimwomba. "Watanicheka."

Kumwambia Loisi asiseme ilikuwa kama kuliambia jiwe lisikimbie.

Basi kila mchana Yahaya alikwenda sokoni na karatasi yake, akapanda juu ya gogo la wachinjaji na kutangaza hali ya hewa. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alipenda tu.

"Leo mvua hakuna! Joto kali! Kesho joto, upepo wa mashariki, na vumbi!"

"Hayo hata mbuzi wangu anayajua!" Mwantum, muuza karanga, alikuwa akimjibu kila siku. "Na hajasoma Tanga!"

Mwaka ule, hata hivyo, watu walimcheka huku wameyatega masikio. Msimu uliopita mavuno yalikuwa mabaya, nyumba nyingi zikala mpaka mbegu. Bwana Mkubwa wa boma, kabla ya kuondoka safari ya Kilimatinde, aliacha magunia ya mbegu za uwele katika ghala la sokoni, ufunguo akampa Jumbe Halfani, na amri akaiacha kwa maandishi: kipima mvua kikikusanya milimita ishirini na tano katika siku tano, ghala lifunguliwe, kila nyumba ipewe vibaba vitano. Mara moja tu. Atakayezifukia katika udongo mkavu, mchwa na kware wakala, asirudi kuomba.

Ndiyo maana nne za siku ile ziliposomwa sokoni, watu walipiga vigelegele.

"Lakini huku kwetu haikunyesha," mtu mmoja alisema.

"Imenyesha bomani!" Mwantum alijibu. "Mzungu ana reli yake, ana bendera yake, na sasa ana mvua yake!"

Watu wakacheka, wakakubali. Nchi ile mvua huweza kulowesha shamba lako ikaliacha la jirani linafuka vumbi. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya pili Loisi alisoma sita. Siku ya tatu, kumi na tano. Yahaya alijumlisha mara mbili, akazijumlisha tena kwa vidole, kisha akakimbia kwa Jumbe bila kufunga vifungo vya kanzu. Kesho yake saa tatu ghala litafunguliwa!

Loisi alibaki peke yake na kioo mkononi. Chini kabisa ya maji palikuwa na kitu cheupe kimetulia. Akatia kidole, akalamba.

Unga wa uwele.

Alipofika nyumbani alimkuta bibi yake, Bibi Zipora, anapepeta mbele ya tembe huku anaimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona uso umekukunjamana kama ngozi iliyoanikwa?"

"Bibi, asubuhi ukipeleka mtindi jikoni bomani, unapita wapi?"

"Napita njia."

"Njia ipi?"

Bibi aliacha kupepeta, akatabasamu kama mtu aliyesubiri siku nyingi kuulizwa. "Ile ya penye chungu. Umekiona? Yule Mzungu maskini, kwao hawakumfunza. Ameweka chungu cha kuombea mvua, kinatazama mbinguni, kikavu kabisa! Mvua ikichungulia ikaona chungu kikavu si itadhani inatukanwa? Nikamtilia maji kidogo, na unga kidogo, kama tunavyofanya sisi. Nikasikia watu wamefurahi. Nikaongeza. Leo nimetia kata nzima."

"Bibi!" Loisi alikaa chini. "Kile si chungu cha kuombea. Ni cha kuhesabia."

"Kuhesabia nini?"

"Mvua."

Bibi Zipora alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Alikuwa amebatizwa miaka miwili tu iliyopita, na mambo mengi ya Wazungu alikuwa ameyapokea, lakini hili lilipita kiasi. "Mvua inahesabiwa? Na akishaihesabu anaipeleka wapi?"

Loisi akamweleza habari ya ishirini na tano, ya ghala na ya mbegu. Kadiri alivyoeleza, kicheko cha bibi kilipungua, mwishowe kikaisha.

"Na mbegu zetu sisi zimo?"

"Zimo. Tukizipanda wiki hii, bibi, zitaliwa na mchwa. Zetu na za watu wote."

Bibi aliokota ungo wake polepole. "Basi kawaambie."

"Mimi?"

"Nikisema mimi watasema ni uzee. Wewe unashinda bomani."

"Mbele ya watu wote wale, bibi?"

"Kwani ukiwaambia kwa nyuma watasikia?"

Asubuhi Loisi alijaribu kwanza njia fupi. Alimpelekea Yahaya kile kioo chenye maji ya jana, akamwambia aonje. Yahaya akaonja, akatema, akakaa kwenye kiti kama gunia lililoshushwa.

"Loisi, dada yangu," alisema, "nimekwisha andika kwa wino mwekundu."

"Si unaweza kufuta?"

"Wino mwekundu haufutiki! Sikiliza. Mvua itanyesha tu. Kama si kesho, kesho kutwa. Nani atajua?"

"Na isiponyesha?"

Yahaya alichukua karatasi yake, akatoka, na safari hii vifungo vyote alivifunga, pole pole, kimoja kimoja.

Sokoni watu walikuwa wamejaa toka alfajiri, wameshika vikapu, vibuyu, hata kofia. Bibi Zipora alisimama karibu na mlango wa ghala na kikapu chake kitupu. Jumbe Halfani alikuwa ameuvaa ufunguo shingoni kwa kamba nyekundu, akitembea taratibu ili kila mtu auone. Yahaya akapanda gogo, akasoma, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Jumbe akauingiza ufunguo tunduni.

"Jumbe," alisema Loisi.

Mbuzi mmoja alilia wakati huohuo, na hakuna aliyemsikia ila mbuzi. Loisi akamwona bibi yake anamtazama, kikapu amekikumbatia kwa mikono miwili.

"Jumbe, usifungue!"

Soko zima likageuka. Loisi hakuwahi kujua kwamba macho ya watu yana joto.

"Yale maji si ya mvua," alisema. "Yana unga. Mimi nafagia pale. Chini hapajalowa hata kidogo. Mtu ameyatia."

"Nani?" Jumbe alinguruma. "Nani amechezea chombo cha serikali?"

Loisi akafunga mdomo. Neno hilo lisingemtoka hata kwa koleo. Watu wakaanza kunong'ona, wakaanza kutazamana, na ndipo sauti ikapanda kutoka mlangoni pa ghala.

"Ni mimi! Na mnishukuru! Siku zote mlikuwa mmeiacha mvua inatazama bati tupu!"

Bibi Zipora akaeleza yote, kata kwa kata, bila kuona haya. Alipofika penye kumi na tano za siku ya tatu, Mwantum alikuwa amekaa chini kati ya karanga zake, anafuta machozi kwa ncha ya kaniki.

"Kumbe milimita ndiyo kata ya Bibi Zipora!"

"Bibi, kesho tunyeshee na sisi wa huku!"

"Karani, kesho hali ya hewa itakuwaje? Unga au togwa?"

Jumbe peke yake hakucheka. "Huyu mama nitampeleka kwa Bwana Mkubwa akirudi."

"Mpeleke," alisema Mwantum. "Umwambie na ufunguo ulikuwa umefika wapi."

Jumbe aliutazama ufunguo, ulikuwa bado tunduni. Akakohoa. Akauchomoa, akauficha ndani ya kanzu, akasema kwamba jua limekuwa kali na kila mtu arudi kwake.

Njiani kurudi bomani Yahaya aliuliza, "Siku ya kwanza ile, kwa nini hukuniambia kwamba chini pakavu?"

"Uliniuliza ngapi tu," Loisi alijibu.

Yahaya alijaribu kukasirika, akashindwa, akaangua kicheko katikati ya njia.

Siku tisa zikapita. Yahaya aliandika sifuri tisa, nzuri, za mviringo. Bibi Zipora alipeleka mtindi kwa kuzungukia nyuma ya zizi, akisonya kila alipokipita kile chombo kwa mbali. Siku ya kumi, alasiri, mawingu ya Mkonze hayakugeuza njia. Yalikuja moja kwa moja, meusi, na upepo ukageuka ghafla ukanukia udongo. Mvua ikaanguka kana kwamba mtu amemwaga mtungi, ikaendelea, ikapungua, ikaendelea tena. Watoto walitoka uchi, wazee wakatoa kila chombo nyumbani, mpaka masufuria ya jikoni bomani yakatoka nje kukinga.

Asubuhi Loisi alikwenda kwenye kipima mvua akiwa ameshika viatu vya Yahaya vilivyoelea kutoka barazani. Alimimina maji kwenye kioo mara nne kabla kopo halijaisha maji. Akajumlisha, akarudia, akasema, "Thelathini na moja."

Sokoni watu walikuwa wamesimama katika matope mpaka vifundoni, wanacheka bila sababu, majembe mabegani. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Yahaya akapanda gogo. "Milimita thelathini na moja!"

Kelele zilizopanda ziliwatia mbio kuku wa mji mzima. Lakini Jumbe Halfani hakuutoa ufunguo.

"Jumbe, vipi? Hata mvua huioni?"

"Mvua naiona," alisema Jumbe, maji yanamtiririka puani. "Lakini Bwana Mkubwa hakuandika mvua. Ameandika ishirini na tano. Nikifungua kwa ishirini na nne, shingo ni yangu. Mara ile nilisomewa karatasi nikaamini, mkanicheka. Leo nataka mtu. Karani, namba hizi umeziona kwa macho yako mwenyewe?"

Yahaya alifungua mdomo.

"Apa," alisema Jumbe. "Apa kwa Mungu."

Mdomo ukafungika. Yahaya aliyatazama matope, akaitazama karatasi, wino wake mwekundu unachuruzika kwenye vidole. Mtu aliyesali alfajiri ile hakuweza kuapa hivyo. Vicheko vilikufa kimoja kimoja. Udongo ulikuwa umelowa, tayari, na kila saa iliyopita ilikuwa saa ya kupanda. Mtu nyuma akaanza kunung'unika kwamba wamedanganywa tena.

Loisi alikuwa amesimama pembeni na bibi yake. Hakuna aliyemtazama, na angeweza kubaki hivyo. Akampa bibi viatu vya Yahaya, akasukuma watu kwa mabega, akatoka mbele mpaka penye gogo.

"Ni thelathini na moja, Jumbe, naapa," alisema, na sauti yake ilifika mpaka mwisho wa soko. "Nimesoma mimi. Tangu mwezi wa tano, kila siku, nasoma mimi."

Jumbe akatia mkono ndani ya kanzu, akautoa ufunguo.