Simu ya Kilo Mbili na Robo

Msusi aliitua simu juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama mtu anayetua sufuria la uji. Kioo cha kaunta kikalia kidogo. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kumi na tisa tangu ainunue katika duka hilohilo, na risiti alikuwa ameibana kwenye mkoba kwa kibanio cha nywele ili isipotee.

"Imeongezeka," akamwambia muuzaji. "Nilipoichukua hapa haikushinda kipande cha sabuni."

Muuzaji aliiweka kwenye mizani ya vifurushi, akasoma, akaandika kwenye daftari.

"Kilo mbili na robo. Unaongea sana?"

"Mimi msusi, kaka. Ulitaka nisuke kwa ishara?"

Wanawake saba waliomfuata wakacheka. Mtaani walimwita Redio, naye jina alilipenda. Chumba chake cha kusukia kilikuwa na viti vitatu na kila siku kilikuwa na wanawake saba, mmoja akisukwa na waliobaki wakisikiliza. Siku hiyo alipofunga mlango walikuja naye wote, hata yule ambaye upande mmoja wa kichwa ulikuwa haujaguswa.

Kasoro ya simu ilikuwa moja tu. Yeye aliwasikia waliompigia, wao hawakumsikia. Maneno yake yaliingia ndani na hayakutoka upande wa pili, yakawa yanajaa humo siku hadi siku, mpaka mfuko wa aproni ukachanika.

Wateja si neno. Mteja asipojibiwa hupita mwenyewe kuuliza kulikoni. Lakini dada yake mkubwa alikaa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Alikuwa amepiga kumwambia kwamba atapasuliwa goti, na daktari anataka awe na mtu wa kumuuguza mwezi mzima. Je, aje kwake?

"Njoo hata kesho!" msusi alisema kwa sauti iliyofika barabarani.

Dada akasikia kimya. Akauliza tena, kimya. Mara ya tatu akasema, "Basi, mdogo wangu, nimekuelewa," akakata. Tangu siku hiyo hakupokea simu yake tena, hata alipopiga kwa simu ya kuazima. Kupitia kwa binamu yao alituma salamu moja tu: siku hizi kila mtu anasingizia simu.

"Kwa hiyo nataka mawili," msusi akamwambia muuzaji. "Simu nzima, na maneno yangu."

Muuzaji alinyoosha kidole kwenye kibao ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Hicho mmeandika wenyewe. Hata mimi kwangu nimeandika 'Umbea marufuku'." Akavuta kiti. "Sheria haiandikwi kwa rangi ya ukutani. Kitu kikiuzwa kibovu kinarudi kilikotoka. Niitie mkubwa wako."

Meneja alitoka chumba cha nyuma, mwanamume mpole mwenye sauti ya mtu anayetoa pole. Akamwita fundi. Fundi akabandua mfuniko na kuonyesha kibandiko kidogo ambacho hutoka kiwandani kikiwa cheupe. Sasa kilikuwa chekundu.

"Unyevu," fundi akasema. "Mama ameongea kwa karibu mno. Kosa la mtumiaji. Dhamana haihusiki."

"Kwani simu inaongelewa wapi, baba? Kwenye kisigino?" Msusi akakunja mikono. "Fungua mpaka chini. Mimi leo sina haraka, na kazi nimeifunga."

Fundi akalegeza skrubu ya mwisho, na maneno yakaanza kutoka, yale ya karibuni kwanza. Zilitangulia "halo, halo" zipatazo hamsini, zikabingirika hadi kwenye mashine ya risiti. Ikafuata habari ya mke wa mwoka mikate, ndefu, na wanawake wakaisikiliza kwa makini wakisahihisha tarehe. Kisha, kwa sauti ileile ya kufika barabarani: "Njoo hata kesho, dada! Chumba nitakipaka rangi. Kitanda nitakikata miguu usipate taabu ya kupanda."

Msusi aliyaokota maneno hayo mwenyewe, akayapangusa, akayafunga kwenye kitambaa chake cha kichwa.

Fundi alidhani amemaliza, lakini chini kulikuwa na mengine. Sauti ya mwanamume ilisema, "Halo? Mama, nimefika salama. Mbona huitikii?" Chini yake ilikuwepo ya bibi mmoja, imekauka kabisa, ikiomba nafasi ya kumwona daktari wa macho.

"Hawa ni akina nani?" msusi akauliza.

"Huyo ni mpaka rangi, aliirudisha mwezi juzi," muuzaji akajibu, kama anayetaja wapangaji waliopita. "Bibi alikuwa kabla yake."

"Na mimi mkaniuzia mpya."

"Nailoni ya kuifungia ilikuwa mpya," meneja akasema.

"Basi ilikuwa mbovu kabla sijaitia mdomo. Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!" wakaitika saba, pamoja na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni.

Meneja akamletea simu nyingine, kwa hisani ya duka. Kuandika kwamba ile ya kwanza ni mbovu hakukuwezekana, alisema, maana duka halina fomu ya namna hiyo. Msusi hakuondoka mpaka amempigia mwenzake aliyekaa benchi.

"Unanisikia?"

"Tunakusikia hata bila simu, Redio."

Umbea wake ukatiwa kwenye mfuko, naye akaubeba. Maneno ya mpaka rangi na ya bibi alikatazwa kuyagusa, kwa kuwa si yake. Fundi aliyarudisha ndani kwa brashi, akabandika kibandiko cheupe, akaivisha simu nailoni kwa hewa ya moto, na muuzaji akaipanga kwenye kabati la kioo. Msusi akawageukia wale wawili wa kwenye foleni, akawaambia wasiiguse.

"Ya bluu ipo?" mmoja wao akamuuliza muuzaji.

Kitambaa kilisafiri kwa basi la asubuhi. Dada alikifungua juu ya meza ya jikoni, akasikiliza mara mbili, akapiga.

"Umekikata kiasi gani?"

"Kimebaki usawa wa goti."

"Goti lipi?"

Wakacheka mpaka dada akalia. Wiki iliyofuata alifika, na mwezi ulipokatika alikuwa akitembea kwa mkongojo, akijua habari ya mke wa mwoka mikate kuliko wenyeji.

Siku moja walipita mbele ya lile duka. Simu ilikuwa kwenye kabati, imevikwa nailoni, lebo inasema MPYA, na rafu ya kioo imepinda chini yake. Ndani ya simu mlisikika sauti ngeni, ya mwanamke, ikimwambia mtu kwamba imemsamehe.

Msusi aliingia, mkono kiunoni.

"Mwenye maneno haya yuko wapi?"

"Aliirudisha juzi," muuzaji akasema. "Tukamwonyesha kibao, akaenda zake."

"Na maneno yake?"

"Hakuyadai."