Mwombaji wa Tatu

Mzee Faili hakuwa na mke tena, hakuwa na magoti ya kuaminika, hakuwa na macho ya kusoma maandishi madogo, wala hakuwa na sufuria hata moja ambayo haijaungua kitakoni. Hilo la sufuria ndilo lililomponza. Binti yake, anayeishi mbali, aliziona alipokuja kumsalimu, akasema bila kuzunguka:

"Baba, chagua. Ama nyumba iwekewe mitambo ya kujiwasha na kujizima, ama uhamie kwangu, ghorofa ya saba."

Nyumba hiyo mzee aliijenga mwenyewe kwa mshahara wa karani wa ajira. Akachagua mitambo.

Fundi alifunga swichi mpya kwenye taa, jiko, birika na mapazia, kisha akaeleza kwamba vyote hivyo vinahitaji kidhibiti, yaani kidude cha kuviamrisha bila waya. Akatandaza vitatu mezani.

"Chukua hiki kikubwa, mzee wangu. Ndicho wanachochukua wote."

Mzee Faili akamtazama kwa huruma. Miaka thelathini na mmoja aliajiri watu, na hakuna aliyepata kazi kwa umbo. Akatoa majalada matatu, akaandika juu ya kila moja: MWOMBAJI.

"Kila mmoja wiki moja ya majaribio," akasema.

"Mzee, hivi ni vyombo!"

"Na mkurugenzi wetu wa mwisho tulimdhania mtu."

Mwombaji wa kwanza alichapa kazi siku tatu. Siku ya nne binti akapiga simu.

"Baba, mbona leo mapazia yamefunguliwa saa nne? Unaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Si hicho kidhibiti! Kinanitumia kila kitu."

Mzee akaandika jaladani: "Hodari, lakini hupeleka maneno kwa wakubwa." Akakichomoa.

Wa pili hakuwa na umbea, ila mtandao ulipokatika, mchana kweupe, mapazia yaligoma kufunguka.

"Kazi iko hapa sebuleni, mtandao unautakia nini?" mzee akamfokea. Akaandika: "Hajitegemei."

Wa tatu alikuwa mdogo kama kiberiti. Amri zake zilianzia na kuishia humo humo ndani. Jiko likisahauliwa, analizima. Hasemi na mtu. Mzee akampa alama zote, akampigia binti yake kwa majivuno.

Binti akauliza: "Sasa, baba, kama hakiniambii chochote, nitajuaje kama umeamka?"

Mzee Faili, aliyewahi kuwatoa jasho wahitimu wa vyuo vikuu kwa maswali, akayafunga majalada yake yote matatu. Muda wote huo alikuwa akisaili watu kwa kazi ambayo tangazo lake hakulisoma.

"Uje tu kwangu, baba," binti akasema polepole.

"Nipe siku mbili."

Akamwita fundi. "Huyu mdogo anaweza kufundishwa neno moja? Moja tu."

"Neno gani?"

"Nikiwasha birika asubuhi, amwambie binti yangu. Mapazia, jiko, taa, asitie mdomo."

Fundi akacheka mpaka akatafuta kiti. "Inawezekana, mzee. Nitamwekea laini ya simu."

Kesho yake birika likawashwa, na kabla halijachemka simu ya mzee ikalia. Ujumbe ulikuwa wa binti: "Nimepata. Kaa kwako, baba."

Mambo yalikuwa yamekwisha, lakini kwa karani jambo lisilo na karatasi halijatokea. Akavaa miwani, akamwandikia binti yake barua: "Nafasi imejazwa. Mwajiriwa atatoa taarifa moja kwa siku, wakati wa chai. Siku asipotoa, usipige simu. Njoo."

Akaikunja mara tatu, akapaka bahasha gundi, akaikandamiza kwa ngumi, akajikokota hadi posta.

"Itachukua siku tisa," akasema mhudumu wa dirishani. "Si umpigie tu, mzee?"

"Kazi ya simu anayo karani wangu mdogo," akajibu Mzee Faili, akaitumbukiza barua sandukuni.