Mayai Mekundu ya Siu Lan

Dada Kuen alipanda ngazi na ndoo ya maji bila kushika ukuta, kwa sababu Bibi Hoh alikuwa juu, kwenye kigoda chake kando ya jiko, akimtazama. Alipofika juu pumzi zilikuwa zimemkatika, lakini alifumba mdomo, akavuta hewa kwa pua taratibu, akaitua ndoo bila kumwaga hata tone.

"Leo umeamka vizuri," Bibi Hoh alisema.

"Mimi ni mzima siku zote."

"Mzima! Na juzi nani alikuwa akikohoa, paka?"

"Moshi wa mkaa ule."

Bibi Hoh hakucheka. Yeye ndiye aliyekodi ghorofa nzima kwa tajiri ambaye hakuna mpangaji aliyepata kumwona, akaikatakata kwa mbao ikawa vichumba visivyo na dirisha. Mtu akifia ndani, wenzake huhama, na hapati mwingine wa kulala palipolala maiti. Kwa hiyo katika mtaa mzima wa Wachina wa Kreta Ayer, mgonjwa asiyeweza tena kusimama alipelekwa Mtaa wa Sago, kwenye nyumba za kufia. Huko majeneza yaligongwa misumari chini, na wanaosubiri kuingia ndani yake walilala juu.

"Sikiza, dada," Bibi Hoh aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Sina kinyongo nawe. Lakini Siu Lan ana kichanga hapo pembeni. Keshokutwa kinatimiza mwezi, wageni watajaa. Ukifika siku hiyo umesimama kwa miguu yako, chumba ni chako. Ukianguka, usinililie."

"Sitaanguka."

Alisema hivyo kwa kiburi, kisha akaenda kukaa kitandani gizani.

Kuen alikuwa ametumia maisha yake yote kwenye nyumba za Wazungu, kule mlimani, akilea watoto wao. Wa mwisho wawili walimfuata kila mahali wakishikilia suruali yake nyeusi. Siku alipokohoa mbele ya Mem, yule mama wa Kizungu mwenye nyumba, alilipwa haki yake palepale, akatolewa kwa mlango wa jikoni. Yule mdogo alimlilia dirishani mpaka Mem akalifunga dirisha. Hospitalini daktari Mzungu alisema maneno mengi, mkalimani akayafupisha: "Ni kifua kikuu. Vitanda vimejaa. Kale nyama, kanywe maziwa, ulale madirisha wazi." Kuen aliuliza, madirisha yapi? Mkalimani hakulitafsiri swali hilo. Aliita mgonjwa mwingine.

Mume hakuwa naye. Tangu usichana alikuwa amefunga nywele zake kishungi mbele ya madhabahu na kuapa kutoolewa, kama walivyofanya wasichana wengi wa kijiji chao waliokimbia kuolewa wakawa mayaya. Kaka zake huko China walikula jasho lake mpaka vita vikafunga njia ya bahari. Alikuwa peke yake kabisa. Kwa hiyo Siu Lan alipotafuta mtu wa kumsaidia kutia rangi nyekundu mayai ambayo kwa desturi hugawiwa wageni, yeye ndiye aliyejitolea.

"Utaweza, shangazi?" Siu Lan aliuliza. "Pumzika tu."

"Nimewapikia Wazungu karamu, mayai yatanishinda?"

Siu Lan alicheka. "Haya basi. Na la kwanza ni lako. Usije ukasema nimekusahau."

"Nitaliweka mpaka lioze, nisilile."

Furaha ilimpanda Kuen ghafla, hata akaona haya. Ni miaka mingi mtu hajamwahidi kitu. Lakini alikuwa pia na hesabu yake. Siku hizo leso yake ilikuwa ikitoka mdomoni na madoa ya damu. Mwenye mikono myekundu, nani angeuliza wekundu umetoka wapi?

Asubuhi iliyofuata walikaa jikoni, bakuli la rangi katikati, kichanga kikiwa kimefungwa mgongoni kwa mama yake. Kuen alitia siki kidogo.

"Siki ya nini?"

"Ili rangi ishike. Ukitia siki haitoki, hata uisugue vipi."

Aliyaviringisha mayai moja moja, akiyapanga kwenye sinia. Alikuwa anamwambia Siu Lan jinsi mtoto wa Mem alivyowahi kulamba rangi ya viatu, wote wawili wanacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoamsha kikohozi. Alijizuia. Alijikaza mpaka machozi yakamtoka. Kisha kikamponyoka, na yai jeupe alilokuwa amelishika likapata doa.

Aliliingiza haraka kwenye rangi. Siu Lan alikuwa ameshaona. Alisimama akarudi nyuma, mkono mmoja umemfunika mtoto.

"Mwanangu, Siu Lan. Ni rangi hiyo."

"Shangazi..." Siu Lan alianza kulia. "Nina huyu mtoto. Nina huyu tu."

Mayai yote yalitupwa. Mchana mume wa Siu Lan, aliyekuwa akivuta mkokoteni bandarini, aliusogeza mlangoni. Alimpakia Kuen na furushi lake la nguo, na njia nzima hakugeuza shingo. Bibi Hoh alibaki ngazini akichoma ubani.

Nyumba ya Mtaa wa Sago ilikuwa chini ya Mzee Fong. Alimwonyesha ubao wake wa kulalia karibu na dirisha. Baada ya giza la kile kichumba, hapo ndipo alipopewa dirisha. Kesho yake, siku ya mtoto kutimiza mwezi, Kuen alikuwa bado hai, hata uji alikuwa ameumaliza, na Mzee Fong alipokuja kuchukua bakuli aliona vidole vyake.

"Nini hiki? Nyekundu humu ndani?"

"Rangi ya mayai, mzee. Ya mtoto aliyetimiza mwezi."

"Mtu akifa na nyekundu mwilini hatulii, anarudi. Unataka kunifukuzia wateja? Toa."

Alimletea beseni la maji na kipande cha gunzi. Kuen akaanza kusugua. Chini, Siu Lan alikuwa akipita na kikapu, mtoto amenyolewa, amevikwa kofia mpya. Alipoikaribia nyumba alivuka upande wa pili wa mtaa, akamfunika mtoto uso, akaongeza mwendo.

"Bado," alisema Mzee Fong, akimshika kidole na kukitazama. "Sugua."

Kuen alisugua. Ngozi ilianza kuchubuka, na rangi haikutoka.