Mwisho Uliofungiwa Karanga

Komeo la mlango liligonga gizani, tik, kisha kimya. Aya akainua kichwa mkekani.

"Mama, ni baba?"

"Apana, ni upepo. Lala."

"Basi soma."

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Bwiza. Asiya akasogeza kibatari, akafungua riwaya aliyopewa na mwalimu wake wa masomo ya jioni. Kurasa za mwisho hazikuwemo. Muuza karanga aliyekuwa nacho kwanza alikuwa amezinyofoa akafungia karanga zake. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, naye alimtafsiria binti yake kwa Kiswahili: mwanamume anakwenda vitani, mke na mtoto wanamngoja. Kurasa zilipokwisha, Asiya aliendelea kusoma tu, macho kwenye jalada. Kila jioni mwanamume yule alirudi, akabisha hodi, akamkalisha mtoto mabegani.

Tangu baba yake, Yaseen, alipokwenda kuchukua sukari kule kwenye viwanda, Zone Industrielle, risasi zikalia, barabara zikafungwa naye asirudi, Aya hakupata usingizi bila mwisho huo.

Kisha Trésor, mwenye chumba cha video, akabandika tangazo la filamu iliyotokana na kitabu kilekile. Asiya alisita. Lakini moyo ulimwambia, huenda nilikisia sawa. Akamshika mtoto mkono.

Filamu ilionyeshwa mchana, ili watu wawahi kurudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Trésor alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa sauti.

"Muangalie huyu! Anaaga bibi yake kama mutu anaenda kununua mukate!"

Watu wakacheka. Aya akadakia, "Sasa mutoto atalia!" Na kweli mtoto akalia.

"Mama Aya, huyu wako ataninyang'anya kazi!" Trésor akasema.

Mwishoni mlango ulibishwa. Aya akasimama juu ya benchi, tayari anatabasamu. Mke akafungua. Nje alikuwapo askari mgeni, mkononi ameshika koti.

Trésor akashusha sauti. "Amekufa. Wamemuletea koti tu."

Njiani Asiya alizungumza bila kupumua. "Wamebadilisha, mwanangu. Watu wa sinema ndivyo walivyo. Cha kweli ni kitabu."

Aya akauachia mkono wa mama.

Jioni komeo likagonga tena. Safari hii mtoto hakuinua kichwa. Asiya akachukua kitabu haraka, akakisogeza kwenye mwanga.

"Nikusomee pale anaporudi?"

Aya akakivuta kitabu, akakifungua mwishoni, akapitisha kidole kwenye mabaki ya kurasa zilizonyofolewa.

"Mama, hapa hamuna karatasi."