Rilei ya Sita

Mfaume alikuwa amekwisha kuufunga mkanda wake wa kupandia nguzo aliposimama mlangoni pa chumba cha mitambo cha Temeke na kuuliza swali lake la siku zote.

"Mtani, umeziona kwa macho yako?"

Tangu mwaka wa arobaini na saba hakupanda kabla ya kumwuliza Fransis hivyo, wala hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila mtani. Fomu ya vipimo ilikuwa na sahihi ya mzungu msimamizi tangu jana, lakini Mfaume hakuwa mtu wa fomu. Laini mpya ilipita juu ya nyaya zenye umeme. Waya ukimponyoka ukazigusa nyaya hizo, uhai wake ungebaki mikononi mwa rilei, vile visanduku vyeusi vyenye kioo mbele ambavyo Fransis alivipima kimoja kimoja aone kama vitaukata umeme kwa wakati.

Rilei zilikuwa sita. Alhamisi alasiri Fransis alipima tano, na zote zilikata kwa sekunde mbili nukta moja. Ya sita aliitazama tu, akaandika vivyo hivyo bila kuigusa. Ulikuwa uvivu mtupu, na tangu siku hiyo chakula cha mkewe Jovina alikuwa akikiacha sahanini. Akisema, huenda kazi imekwenda.

"Ya sita sikuipima," alisema.

Mfaume akacheka. "Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo, hesabu mtaiwezea wapi?"

Akaiendea nguzo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za babu zao, na juzi tu Fransis alimwambia kwamba amekwisha kumchagulia sanda. Leo nani angemsadiki? Mguu mmoja wa Mfaume ulikuwa tayari umeikanyaga nguzo.

"Baba Chausiku," Fransis akaita.

Mfaume akaushusha mguu. Mtani wake hakuwahi kumwita kwa jina la mwanawe, hata siku ya kumzika mama yake Mfaume, ambapo Fransis alijilaza kaburini kwa mzaha mpaka akabembelezwa kutoka.

Wakaingia ndani. Fransis akaunganisha nyaya, akabonyeza saa ya kupimia. Mfaume alichuchumaa, pua karibu na kioo, akikitazama kisahani cha ndani kinavyozunguka polepole. Rilei ikakata. Sekunde mbili nukta moja.

Fransis alitamani kulia. Akaikata kwa wino ile hesabu ya Alhamisi katika fomu, akaandika nyingine pembeni pamoja na tarehe ya leo, mzungu aione.

"Mbona ni ileile?" Mfaume akauliza.

"Ile niliibuni."

Mfaume akakaza mkanda wake. Alitoka, akapanda. Fransis alisimama chini akisubiri tusi la upagazi, maana kila siku Mfaume alimtupia moja akifika juu. Ilisikika koleo tu, ikifanya kazi.

Adhuhuri Mfaume alishuka, akafungua mkanda, akanawa mikono.

"Asante, Fransis," alisema, akaenda zake kula.