Waya wa Kwanza Kuchomolewa

Fundi wetu Mikidadi alipenda kujisifu kwamba seva, kompyuta inayotunza vipindi vyote vya redio yetu, anaiendesha akiwa kwake Nachingwea, miguu juu ya stuli, na sisi huku Ruangwa hatujui hata kama ameingia. Alisema kweli, na ubaya ulianzia hapohapo.

Mfumo wa seva ulikuwa umezeeka, akaamua kuweka mpya kwa njia ya mtandao, mchana wakati matangazo yamepumzika. Alijua vipindi vinatakiwa kutolewa nakala kwanza. Lakini mtandao siku hiyo ulikuwa unajikokota, akajiambia nakala ataichukua akija mwenyewe. Kutuarifu nako hakuona haja, maana tungemchosha kwa maswali.

Studio alikuwemo Hadija peke yake. Mama yake, Bi Zaina, alikuwa akija kila Ijumaa kutoka Chunyu kuwasimulia watoto hadithi kwenye kipindi chetu, mpaka alipofariki mwaka jana. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote isipokuwa ndani ya seva ile. Hadija alikuwa akimaliza zamu huvaa vipokea sauti, akamsikiliza kidogo, ndipo aende nyumbani. Hatukumtania kwa hilo, na sisi tunatania kila kitu.

Wingu likatanda, radi ikaanza kunguruma upande wa Mandawa. Bi Zaina alimlea mwanawe hivi: radi ikisikika, chochote kilicho kwenye umeme kinachomolewa. Hadija akachomoa. Simu ikaita palepale.

“Seva imepotea huku kwangu,” Mikidadi alisema. “Umeme umekatika?”

“Umeme upo. Nimechomoa mimi, radi inapiga. Nimeanza na seva kabla ya vyote, kaka. Mama yumo mle.”

Mikidadi akakata simu. Kesho yake alikuja na pikipiki, suruali imejaa tope, akashinda ameiinamia mashine. Umeme ulikatwa mfumo ukiwa katikati ya kujiandika, na diski ile kuukuu ikaharibika na kila kilichokuwemo. Jioni alimwita Hadija akamweleza yote, bila kujitetea. Nilidhani Hadija atamtukana. Mimi ningemtukana.

“Ungeniambia tu,” Hadija alisema. “Ningekaa nayo, hata radi ingepiga vipi.”

Sasa tuna seva mpya. Mikidadi hagusi kitu bila kupiga simu kwanza, na majuto unayasikia hata akiuliza tu kama huku kunanyesha. Hadija bado anachomoa nyaya radi ikinguruma, ila seva anaiacha mwisho.

Juzi alikuja kazini na binti yake mdogo. Mtoto akamwomba amsimulie hadithi kama alivyokuwa akisimulia bibi. Hadija akaanza vizuri, akaigiza sauti ya mama yake, watu tukanyamaza kusikiliza. Katikati akaacha. Alimwambia mtoto kwamba hana hakika tena kama ndivyo ilivyokuwa.